Fundi nimeombwa risiti za nyumba ya "shemeji". Hivi zile fomu za mali za viongozi huwa zinafika mpaka saiti?

FundiTongoni (mleta mada)
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Wakuu salaam. Natumia simu ya mwanangu, yangu ni kitochi, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekimbia uzi.

Mimi ni fundi uashi hapa Tanga, mwaka wa 22 huu nashika mwiko. Shule sikwenda mbali, lakini nyumba najua kuisoma. Nisimamishe nje ya geti dakika kumi nitakwambia mwenyewe alikwama wapi na pesa zilirudi lini. Ukuta uliokaa mvua tatu bila kupauliwa haufichiki hata upigwe rangi gani.

Jana baada ya magharibi kanipigia bosi mmoja niliyemjengea zamani. Ofisi yake siitaji, na mtaa ilipo nyumba siutaji, semeni tu ni upande wa bahari. Tulianza msingi 2016, tukakabidhi funguo kabla ya Ramadhani ya 2018. Vyumba vinne, viwili masta, kibaraza cha kupungia upepo, kibanda cha mlinzi chenye choo chake. Kokoto tripu kwa tripu kutoka Pongwe, nondo za milimita 12 mpaka mahali ambapo za 10 zingetosha. Mtu hakuwa na haraka wala hakuwa na shida.

Siku ya kwanza kabisa, tunapima kiwanja, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Fundi, mimi ni mtu wa fomu. Kila mwisho wa mwaka najaza fomu ya mali zangu. Sasa hapa jina langu lisionekane hata kwenye mfuko wa saruji. Andika jina la shemeji."

Shemeji ni mdogo wa mkewe, wakati ule yuko chuo Dar. Alifika saiti mara mbili tu. Mara ya pili tumeshamwaga lenta, akasimama katikati ya ukumbi akaniuliza, "Fundi, hapa ndiyo jikoni?" Mwenye nyumba huyo!

Mimi nikaandika kama nilivyoambiwa. Risiti za dukani jina la shemeji, hati ya mauziano ya kiwanja jina la shemeji, na kaunta buku yangu ya kwaya tatu, ile ninayoandika vifaa na malipo ya vibarua, kila ukurasa juu nimeandika jina la shemeji.

Sasa bosi kastaafu. Shemeji naye kakua, kaoa, kabadilisha vitasa, kaweka wapangaji. Bosi kaenda kudai nyumba kaambiwa, "Shemeji, nyumba gani tena?" Ndiyo jana ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Fundi, zile risiti bado unazo?"

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akadhani nimepandwa na jini.

Ninachotaka kujua kwenu wajuzi ni hizo fomu. Miaka yote hiyo mtu anajaza kuwa ana nyumba moja, na mtaa mzima unajua za kwake ni mbili. Nani anakwenda kuangalia? Na mimi nikimpa zile karatasi naingia kwenye kosa, au nisipompa ndiyo naingia?

---

Kibaiskeli
Saa 3:31 usiku

Tanga kunani jamani 😂 Ngoja niagize kahawa na kashata, huu uzi hauishi leo.

---

Mstaafu_Chumbageni
Saa 4:15 usiku

Fundi, pole na hongera kwa kuandika. Mimi nimetumikia serikali miaka 34 na hizo fomu nimejaza mpaka nikazikariri, acha nikueleze kwa utaratibu.

Anayejaza si kila mtumishi. Kuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, inataja vyeo: Rais, mawaziri, wabunge, majaji, mahakimu, wakuu wa mikoa na wilaya, wakurugenzi, madiwani na wengine. Chombo kinachopokea ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, nayo imetajwa kwenye Katiba, ibara ya 132. Kiongozi anatoa tamko nyakati tatu: ndani ya siku 30 akipata cheo, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo ilipo nyumba yako. Tamko linahusu mali za kiongozi mwenyewe, za mwenzi wake wa ndoa, na za watoto wao walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Basi. Shemeji hayumo. Mama mzazi hayumo. Mtoto wa miaka 19 hayumo. Bosi wako hakubahatisha, alisoma sheria akaona mlango uko wapi.

Na msidhani ujanja huu umeanza juzi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa kali kuliko fomu zote: kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Pale hukuambiwa utaje mali, uliambiwa usiwe nayo. Nilikuwa kijana, na niliona nyumba za watu wazima zikihamia kwa watoto wanaonyonya. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti yale, nyumba zikarudi kwa wenyewe, na wale watoto hawakuulizwa. Miaka minne baadaye ndiyo ikaja sheria hii ya kusema: haya basi, kuwa nayo, lakini itaje.

Ila nisiseme fomu haina kazi. Fomu si mtego wa siku ile ile. Ni alama unayowekewa ukutani kama wewe fundi unavyopiga uzi wa chokaa. Leo umesema una nyumba moja na gari moja. Baada ya miaka kumi una nyumba sita na mshahara ule ule, alama ipo. Bila hiyo ya kwanza utamlinganisha na nini?

---

Kibaiskeli
Saa 4:22 usiku

Mzee shikamoo. Kwa hiyo shemeji ni chumba ambacho ramani ya sheria haikukichora.

---

Mjumbe_wa_Kata
Saa 4:58 usiku

Mimi ni diwani (sisemi wa wapi, uchaguzi hauishi). Hiyo fomu najaza na sasa hivi imehamia kwenye mfumo wa mtandaoni. Fedha ulizonazo na za benki, hisa, nyumba, mashamba, magari, mifugo, halafu madeni. Unaandika thamani, unaandika ulivyopata.

Nitawaambia ukweli ambao wenzangu hawatausema. Mwaka wa kwanza nilijaza kwa kutetemeka. Niliandika mpaka mbuzi. Nilikaa na mke wangu usiku tunabishana kama pikipiki ya mtoto wa dada iliyo kwetu ni yetu. Nikasubiri waje wahakiki. Hawakuja. Mwaka wa pili nikaandika vile vile, sikusubiri. Mwaka wa tatu nilinakili tu, na mbuzi nilikuwa nimeshawachinja kwenye msiba wa baba.

Uhakiki upo, siwasingizii. Wanachagua viongozi baadhi wanakwenda kuangalia kwa macho, wanafika mpaka shambani. Lakini viongozi ni maelfu na wao ni wachache. Na hata wakija, wanakuja na karatasi yangu. Wanatafuta kilichoandikwa kama kipo, kisichoandikwa watakijuaje?

---

BintiNgamiani
Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Nimesoma uzi wote usiku nikashindwa kulala, nikakumbuka ya shangazi yangu.

Mume wa shangazi alikuwa mtu wa fomu pia. Mtu mpole, anaswali safu ya mbele, baiskeli yake ameiendesha mpaka anastaafu. Alipofariki, baada ya arobaini ukoo ukakaa ukamteua msimamizi wa mirathi, wakaenda mahakama ya mwanzo. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama kama kawaida, mwenye dai lake ajitokeze.

Wakajitokeza! Wa kwanza alitoka Korogwe na karatasi ya mauziano, shamba la mkonge ekari 30, marehemu amelipa karibu lote bado kidogo. Wa pili alikuja mwanamke na watoto wawili na picha za harusi. Wa tatu mwenyekiti wa kitongoji huko Muheza, anauliza vile viwanja vitatu vya marehemu nani atakuwa analipia usafi. Msimamizi alipojaza ile Fomu namba 5 ya kuorodhesha mali, ilibidi aongeze karatasi.

Shangazi alikaa na yule mume miaka 26. Na kwa maelezo ya mzee wa Chumbageni hapo juu, fomu ya marehemu ilikuwa na sehemu ya mali za mke. Shangazi hakuulizwa hata siku moja anamiliki nini. Angeulizwa angesema kuku.

Kwa hiyo wakuu mimi naona tamko la kweli la mali za kiongozi wa nchi hii ni Fomu namba 5. Shida yake inajazwa akiwa kaburini.

---

Kibaiskeli
Saa 1:25 asubuhi

"Angeulizwa angesema kuku." Dada umeniua. Nimemwaga chai.

---

Tajiri_wa_Mkonge
Saa 4:40 asubuhi

Naomba nitofautiane na hewa ya humu ndani. Kila mtu anaongea kama mtumishi kuwa na mali ni wizi.

Mimi si kiongozi, nafanya biashara zangu, lakini kaka yangu ni hakimu. Mnataka mali zake zitangazwe ili iweje? Mmewahi kuona ndugu wa Kitanga wakijua una milioni tano benki? Kila msiba utaitwa wewe, kila ada ya shule ni yako, ukikataa umerogwa na mkeo. Na majambazi je? Anahukumu kesi za wizi wa kutumia silaha, halafu ubandike nyumba zake ni ngapi na ziko mtaa gani?

Halafu mtaa nao mnauamini mno. Kwetu kuna mwalimu mkuu alijenga kwa mkopo wa SACCOS, miaka sita anakatwa mshahara anabaki na nauli. Mtaa ukasema kala pesa za madawati. Alipohama ndiyo wakajua, mbaya zaidi waliojua waliendelea kusema vile vile.

---

FundiTongoni
Saa 8:05 mchana

Nimetoka saiti kula, mwanangu kaniletea simu.

Tajiri, ya yule mwalimu nayakubali, nimeona mengi ya namna hiyo. Nyumba ya mkopo ina alama zake: inakwenda kozi tatu, inasimama, inakwenda mbili, inasimama. Mwenyewe anakuja saiti Jumamosi anahesabu tofali. Nyumba ya upande wa pili haisimami na mwenyewe haji, anatuma dereva.

Kwa hiyo mimi sisemi mtangaze akaunti ya benki ya mtu. Lakini nyumba ni kitu kikubwa jamani, huwezi kukiweka chini ya godoro. Nauliza kwa ujinga wangu: kwa nini orodha ya nyumba na viwanja tu isibandikwe pale pale kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa ilipo nyumba yenyewe? Mtaa wa Kange uone za Kange, Makorora waone za Makorora. Sisi mafundi tungesimama pale tukasoma, tungejua ipi haimo.

---

Mstaafu_Chumbageni
Saa 9:30 alasiri

Fundi, wazo lako sheria imelikatalia. Mwananchi anaruhusiwa kukagua daftari la matamko, lakini awe kwanza na malalamiko ambayo Kamishna wa Maadili ameridhika kuwa yana msingi, alipe ada, na alichokisoma asikitangaze. Yaani uwe unajua kwanza ndipo uonyeshwe, na ukishaonyeshwa unyamaze.

Tumewahi kuwa na mfano mwingine. Mkapa alipoingia Ikulu 1995 alitaja hadharani mali zake na za mkewe, na hakuna kifungu kilichomlazimisha kusema mbele ya watu. Wengi tulimsifu. Alipoondoka 2005 tangazo kama lile hatukulisikia, na ulipokuja mjadala wa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, aliodaiwa kujimilikisha akiwa Ikulu, watu walikuwa na tamko la kuingia mkononi bila la kutoka. Ndiyo maana nasema tamko moja ni ukuta mmoja.

Na kuna ujanja mwingine ambao nyie vijana hamjautaja. Wapo wanaoficha, na wapo wanaozidisha. Mtu anapata cheo leo, ndani ya zile siku 30 anaandika ana ng'ombe 500 na mashamba ya minazi asiyokuwa nayo. Amepanda mbegu. Miaka mitano ijayo akinunua ghorofa atasema niliuza ng'ombe, na ng'ombe wapo kwenye fomu. Usipohesabu ng'ombe siku ile ya kwanza, hutawahesabu tena.

---

Likoni_Feri
Saa 11:15 jioni

Hamjambo majirani. Mie niko Mombasa, ng'ambo tu ya Horohoro. Huku kwetu sheria ya 2003, iliyodumu hadi 2025, ilitaka kila mtumishi wa umma ajaze, si wakubwa peke yao: mwalimu, polisi, karani, daktari, kila baada ya miaka miwili. Mali yako, ya mke au mume, ya watoto chini ya miaka 18. Mimi mwenyewe nilifundisha, nimejaza.

Lakini nawaambia wapwa zangu, kujaza wengi hakukutusaidia. Ni mabahasha kwa mabahasha, na raia wa kawaida hayaoni. Mwalimu mwenye deni la sufuria ajaza kwa uoga, na mwenye majumba Nyali ajaza kwa kalamu ya dhahabu, bahasha zote mbili zapangwa kabati moja.

---

Wakili_Mtarajiwa
Saa 1:40 usiku

Niko mwaka wa mwisho sheria, nitajibu swali la fundi maana watu wamemsahau.

Kaka fundi, wewe kuandika jina uliloambiwa na mteja kwenye daftari lako si jinai kwa hapo ilipofikia. Ila ukiombwa leo kuandika risiti mpya za tarehe za zamani, au kufuta jina uweke lingine, hapo unaghushi. Usiguse. Karatasi ziache zilivyo.

Kuhusu bosi. Hapo kuna sheria mbili zinakutana. Ya maadili ya 1995, ambayo kutoa tamko la uongo ni kuikiuka. Malalamiko yakichunguzwa yanaweza kufika Baraza la Maadili, watu watatu. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, namba 11 ya 2007, kifungu cha 27: kumiliki mali isiyo na maelezo ikilinganishwa na kipato. Hii ya pili ndiyo yenye meno, iko TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mwaka 2017 walimfikisha mahakamani mhasibu wa TAKUKURU yenyewe kwa madai ya namna hiyo, kwa hiyo si kifungu cha mapambo.

Sasa angalieni alivyonaswa. Ili apate nyumba, lazima aiambie mahakama: pesa zilikuwa zangu, shemeji nilimtumia jina tu. Wakili wa shemeji atasimama aulize swali moja: fomu yako ya 2018 uliiandika hii nyumba? Akisema ndiyo, fomu itaitishwa. Akisema hapana, amejisomea mashtaka mwenyewe. Shemeji hahitaji hata shahidi.

Na fundi ukiamua kwenda kusema, TAKUKURU namba ni 113, bure. Kuna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Isome kwanza.

---

Kibaiskeli
Saa 1:52 usiku

Kwa hiyo mwizi kaibiwa, na hawezi kupiga yowe. Haki ya Mungu ningekuwa shemeji ningepaka rangi ya dhahabu.

---

Mjumbe_wa_Kata
Saa 2:20 usiku

Msishangilie shemeji wandugu. Nyumba kama ni ya pesa zetu basi bado haijarudi, imehama mkono tu. Hao wapangaji wanamlipa kodi yetu.

---

Tajiri_wa_Mkonge
Saa 2:33 usiku

Na kama si pesa zenu je? Mnajuaje hakuuza shamba la urithi? Hata humu hajahukumiwa bado mnagawana kodi.

---

BintiNgamiani
Saa 2:41 usiku

Angeuza shamba la urithi angeandika jina lake kwa herufi kubwa na picha ya kiwanja angeituma kwenye grupu la ukoo.

---

Wakili_Mtarajiwa
Saa 3:05 usiku

Tajiri yuko sahihi kisheria, dada yuko sahihi kimaisha.

Niongeze moja. Nyie mnakumbuka "vijisenti"? Mwaka 2008, Andrew Chenge akiwa waziri, zikatajwa dola zaidi ya milioni moja kwenye akaunti kisiwa cha Jersey. Akaziita vijisenti, akajiuzulu uwaziri mwezi ule ule wa Aprili. Waingereza hawakumshtaki, hilo lisemwe. Lakini tulizijuaje? Wachunguzi wa Uingereza walikuwa wanafuatilia ile rada tuliyouziwa kwa pauni milioni 28. Akaunti zikaonekana London ndipo sisi tukasikia Dodoma. Fomu zetu wakati huo zilikuwa na umri wa miaka 13 na zote zimo kabatini.

Ndiyo maana mimi nikisikia "fomu sasa ziko kwenye mfumo" huwa nauliza kitu kimoja: mfumo unaongea na nani? Ukiongea na ardhi, na usajili wa magari, na wa kampuni, na benki, hapo shemeji wa chuo mwenye kiwanja cha kuangalia bahari ataonekana bila jirani kusema. Usipoongea na yeyote, ni kabati lenye nenosiri.

---

Mstaafu_Chumbageni
Saa 3:48 usiku

Umesema vema kijana. Ila mfumo wa ardhi utauliza nini kwenye viwanja visivyopimwa? Nusu ya karatasi za viwanja ninazozijua mimi zimegongwa muhuri wa serikali ya mtaa tu. Watu walinunua upande wa Chongoleani kabla ya lile jiwe la msingi la bomba la mafuta, Agosti 2017, na walionunua mapema wengine si kwamba walioteshwa ndoto. Waliketi kwenye vikao. Ile ni mali kwa maana ya taarifa, na fomu haina safu ya kuandika "nilichokisikia kikaoni". Hapo narudi kwa fundi: anayejua ni mtaa.

Kwa hiyo lile wazo la ubao nililikataa mchana kwa sababu ya sheria. Kwa akili yangu silikatai.

---

Tajiri_wa_Mkonge
Saa 3:59 usiku

Mzee hata wewe?

---

FundiTongoni
Ijumaa, saa 9:15 alasiri

Wakuu samahanini, siku mbili hizi nilikuwa namwaga jamvi Pongwe.

Bosi alikuja juzi, mwenyewe, mpaka kwangu Tongoni. Kavaa kanzu, kapaki gari chini ya mwembe, kaketi kwenye kiti cha plastiki kama mgeni wa posa. Mke wangu akamkatia dafu. Nikamletea boksi la zile karatasi.

Risiti za mashine za dukani zimefutika zote. Ile karatasi yake ikikaa kwenye joto wino unaondoka, unabaki na vipande vyeupe kama tishu. Alikuwa anainua kimoja kimoja anakielekeza juani. Hakuna kitu.

Kilichobaki ni kaunta buku. Akafungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa: saruji ya Simba mifuko 60, shemeji. Nondo, shemeji. Vibarua siku nne, shemeji. Hakusema neno, alikuwa anatikisa kichwa tu.

Katikati akakuta ukurasa mmoja nilioshausahau. Siku hiyo hakuridhika na tailizi za choo cha masta, akanipokonya kalamu akaandika kwa mkono wake: "Toa hizi nyeupe, weka kahawia. Gharama nalipa mimi." Na sahihi yake chini, ile ya ofisini yenye mkia mrefu, na tarehe ya Novemba 2017.

Wakuu, kwenye daftari lote hilo ndilo tamko pekee.

Aliutazama ule ukurasa mpaka dafu likapata nzi. Akatoa simu akaupiga picha. Akaitazama ile picha. Halafu nikaona kidole kinakwenda, akaifuta. Akashika kona ya karatasi kama anataka kuchana, akaiachia. Nikawa namwangalia mkono tu. Nilikuwa nakumbuka maneno ya wakili wa humu: karatasi ziache zilivyo.

Mwisho akafunga kaunta buku akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Fundi, iweke vizuri hii." Akaondoka.

Mpaka sasa sijui alimaanisha niitunze au niifiche.

---

Wakili_Mtarajiwa
Saa 9:22 alasiri

Usimpe mtu. Hata shemeji akija usimpe.

---

BintiNgamiani
Saa 9:24 alasiri

Fundi nakuomba kwa Mungu, piga picha ule ukurasa leo hii.

---

FundiTongoni
Saa 9:40 alasiri

Simu ni ya mwanangu dada, na anaidai hapa anataka kutoka. Coastal wanacheza Mkwakwani. Akirudi.